Vifuniko Kumi na Kimoja

"Sijala," alisema Eedo Habibo, na kwa hesabu yake mwenyewe hakuwa anadanganya.

Nilikuwa nimemwinamia nikimfunga kipimo cha presha mkononi. Pumzi yake ikanigusa uso, nikasikia moshi. Haukuwa moshi wa jikoni. Ulikuwa ule moshi mtamu wa kuni za kufukizia vyombo vya maziwa ya ngamia, na mtu aliyelelewa na muuza maziwa haukosei hata akiwa na mafua.

"Eedo, umekunywa maziwa."

"Sikunywa."

"Eedo!"

"Nilionja. Kuonja na kunywa ni vitu viwili. Hata mwezi wa Ramadhani mpishi huonja mchuzi na saumu yake iko palepale."

"Mpishi hutema."

"Maziwa hayatemwi, Ruweyda. Kwani nilikulea bila adabu?"

Eedo kwetu ni shangazi, dada wa baba. Huyu alinichukua nikiwa na miaka sita, na ni maziwa yake yaliyonisomesha hadi nikamaliza chuo cha uuguzi. Ndiyo maana Alhamisi ile saa tatu asubuhi, nje ya chumba cha kupimia tumbo kwa kamera katika hospitali yetu hapa Garissa, nilishindwa hata kumkaripia vizuri. Nilisimama na kipimo mkononi nikiwaza namna ya kumwambia Daktari Abdihafid.

Sikuhitaji kuwaza. Daktari alikuwa mlangoni, aproni imeshafungwa, na masikio yake ni mazima.

"Ameonja kiasi gani?" aliniuliza.

"Vifuniko kumi na kimoja," alijibu Eedo, bila haya hata kidogo.

Hapo ikabidi nieleze. Kila alfajiri maziwa huletwa sokoni kutoka kwa mifugo iliyo upande wa barabara ya Modogashe. Wanawake kumi na mmoja wanauza pamoja. Kabla maziwa yao hayajachanganywa kwenye mapipa ya kwenda Nairobi, lazima mtu aonje kila mtungi, kwa sababu mmoja ukiwa umeanza kuchacha, mapipa yote yatafika yameharibika. Mtu huyo ni Eedo. Kwa miaka kumi na tisa hakuna pipa lililopanda gari bila ulimi wake. Alipolazwa Jumatatu, hakuna aliyewaza kwamba ulimi unaweza kupewa likizo. Mwenzake Deka alijaza maziwa kidogo katika kifuniko cha kila mtungi, akavipanga kwenye kikapu, akafunika kwa kanga, akampita askari wa getini kama anayempelekea mgonjwa uji.

Daktari alivuta pumzi ndefu. Yeye ni mzaliwa wa hapahapa, anawajua watu wake.

"Hooyo," alimwambia kwa heshima, kama mtu anayemwita mama yake, "nikikulaza na maziwa tumboni nikaingiza kamera, yatapanda juu na kuingia mapafuni. Utazama ukiwa kitandani."

"Nimekuwa na maziwa maisha yangu yote. Hayajawahi kunizamisha."

"Tumbo likae tupu saa sita. Nitakuingiza saa tisa mchana. Na wewe Ruweyda," akageuka, "mtu yeyote akileta kikapu, kipekue."

Nilitikisa kichwa kukubali. Alinitazama kama anayesubiri neno, kisha akamwita mgonjwa mwingine.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hajawahi kumwona Eedo Habibo. Ni mwembamba kama fito, na hakuna kitu anachokiogopa isipokuwa kumkosea mteja. Ini lake lilikuwa limechakaa. Virusi vya homa ya ini vilikaa humo miaka mingi bila yeye kujua, vikaliacha limejaa makovu, na damu iliyopaswa kupita kwenye ini ikakosa njia. Nilimweleza Deka hivi: unajua mafuriko yakikata barabara ya lami, malori hayasubiri, yanaingia vichakani na kuchimba njia ambazo hazikutengenezwa kwa uzito ule. Damu ya Eedo ilifanya hivyohivyo. Ilijisukuma kwenye mishipa midogo ya umio na tumbo, ikaivimbisha, na mmoja ukapasuka Jumatatu akiwa sokoni. Alitapika damu mbele ya wateja. Deka anasema alipozinduka, jambo la kwanza kuuliza lilikuwa kama damu imerukia maziwa.

Na hiyo ilikuwa mara ya pili. Miezi mitatu nyuma alitapika vilevile, daktari akaingiza kamera na kuibana mishipa ya umio kwa pete ndogo za mpira. Ikabaki mmoja, mnene kuliko yote, juu kabisa tumboni, mahali ambapo pete haishiki sawasawa. Huo ulitaka kuzibwa kwa gundi ya hospitali, inayodungwa ndani ya mshipa kupitia sindano ndefu inayopita ndani ya kamera. Hakuna kisu, hakuna mshono. Akaambiwa arudi baada ya wiki nne. Wiki nne zikaangukia kwenye mvua, maziwa yamefurika sokoni, akasema atakuja wiki ijayo. Nilimpigia simu mara tano. Kila mara alinijibu "inshallah" kwa ile sauti ambayo sisi sote tunajua maana yake.

Jumatatu tulimwongezea damu, tukamtundikia dripu ya kushusha shinikizo kwenye mishipa, damu ikasimama. Lakini kusimama si kupona. Mshipa ulikuwa palepale, umezibwa na kidonge cha damu iliyoganda, na kingeweza kuchomoka kwa kikohozi. Daktari Abdihafid huja kwetu siku mbili kwa mwezi: Alhamisi nzima, na Ijumaa hadi saa sita. Baada ya hapo ingebidi Eedo apelekwe Nairobi. Huko wanaweza hata kupitisha mrija kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya ini na kuifungulia damu njia mpya. Ni tiba nzuri. Ila kati yetu na Nairobi kuna karibu kilomita mia nne, na mimi sikutaka kuwa kwenye ambulensi ile nikihesabu matuta.

Basi nilimkalisha na njaa. Alilalamika kuhusu njaa, kuhusu shuka, kuhusu jirani yake aliyekuwa akikoroma kwa sauti ya mbuzi. Saa tisa ilipofika tumbo lilikuwa tupu, chumba kilikuwa wazi. Nikamletea fomu ya kukubali matibabu.

"Ahmednoor amesemaje?" akauliza.

Ahmednoor ni kaka yake, adeer wangu. Yuko Modogashe na malori mawili na ngamia wengi.

"Hapatikani. Nimempigia tangu asubuhi. Labda yuko kisimani, hakuna mtandao."

"Basi tumsubiri."

"Eedo, hatuna muda wa kusubiri. Sahihi inayotakiwa ni yako. Wewe ni mtu mzima. Sheria ndiyo inasema hivyo."

"Sheria haitanizika," alisema taratibu, akiikunja fomu mara mbili. "Ahmednoor ndiye atakayenizika. Siwezi kumletea mtu maiti ambayo hakuulizwa habari zake."

Mara ya kwanza Ahmednoor alikuwepo, na yeye ndiye aliyesema ndiyo. Daktari alikuja kumbembeleza. Muuguzi mkuu akaja. Eedo aliwasikiliza wote kwa adabu kubwa, akawaombea dua wote, na hakuandika hata herufi moja. Saa tisa na nusu akaingizwa mgonjwa mwingine. Nilikwenda kwenye chumba cha kuoshea vifaa, nikafungua bomba ili nisisikike, nikalia kidogo kwa hasira. Kisha nikarudi kumbadilishia dripu.

Saa kumi na moja jioni simu yangu ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Adeer Ahmednoor, dakika nne na sekunde ishirini. Dakika ya kwanza ilikuwa salamu, moja kwa kila mtu wa ukoo aliye hai. Ya pili ilikuwa habari za ngamia. Ya tatu alizungumza na mtu mwingine kando yake kuhusu tairi. Kwenye ya nne ndipo akasema: "Nimesikia wanataka kumtia dada yangu gundi. Mwambie daktari huyo anipigie kama ana akili timamu."

Nilimpigia mimi, nikaweka simu kwenye kipaza sauti juu ya kitanda cha Eedo.

"Adeer, ni Ruweyda."

"Paza sauti, binti! Unaongea na mimi au na kola yako?"

"Ni Ruweyda, Adeer."

"Haye. Gundi ya nini?"

"Ya kuziba mshipa. Ikigusa damu inaganda papo hapo, mshipa unakuwa kama..."

"Mimi nina malori. Gundi naijua. Nimebandika viraka vya tyubu kabla wewe hujazaliwa. Ikipata joto, inabanduka. Tumboni mwa mtu kuna joto au hakuna?"

"Si gundi hiyo."

"Inaitwaje?"

Nikamtajia jina lake la chuoni. Akacheka hadi akakohoa.

"Jina refu namna hiyo linaficha kitu. Mleteni huku. Kuna mzee anachoma vizuri sana kwa chuma cha moto, alama tatu juu ya kitovu, na damu hairudi tena."

"Alishachomwa, Adeer. Mwaka jana. Makovu yapo, nimeyaona leo nikimwogesha. Na bado ametapika damu mara mbili."

"Basi hawakuchoma kwa kina."

Eedo alikuwa akitingisha kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza mashauri ya busara pande zote mbili. Hilo ndilo lililonimaliza. Tangu asubuhi nilikuwa nimetembea kati ya watu hawa nikisema "samahani" na "tafadhali", na kila mmoja wao alikuwa na siku nzima mfukoni, isipokuwa huyo aliyelala mbele yangu.

"Adeer," nikasema, na nikajisikia nikisema, "daktari anaondoka kesho saa sita. Mshipa huo ukipasuka tena, hutaniuliza habari za gundi. Utaniuliza sanda inauzwa duka gani."

Upande wa pili nilisikia injini ya lori ikizimwa. Jirani aliyekuwa akikoroma akanyamaza. Eedo alinitazama kama ambaye kuku wake amebweka.

"Nani amekufundisha kumwambia adeer wako maneno hayo?"

"Wewe, Adeer. Umesema nipaze sauti."

Akaguna. Kisha akasema, "Mpe simu dada yangu."

Ilikuwa tayari iko mbele yake, lakini niliisogeza kwa heshima.

"Habibo, tia sahihi," alisema. "Mtu akusomee Yasin kwanza. Mimi kesho niko njiani. Na huyo mtoto muulize nani atamwoa akiwa na mdomo huo."

Eedo akaikunjua fomu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa za kujifunza ukubwani, moja moja, kama anayepanga mitungi. Lakini daktari alikuwa na wagonjwa wawili wa dharura waliotoka mbali, na walichukua jioni yote. Eedo akapangwa wa kwanza Ijumaa, saa mbili kamili.

Ijumaa zamu yangu ilikuwa ianze saa moja. Saa kumi na mbili nilikuwa tayari nimekaa kwenye kiti mlangoni mwa wodi, mtandio nimeubana kichwani kama askari. Sikukosea. Dakika kumi baadaye Deka akatokea kwenye ukumbi na kikapu chake. Ni mama wa makamo, mnene, anayetembea kwa kasi, na uso wake asubuhi ile ulikuwa umechoka vibaya.

"Abaayo, dada yangu, pisha."

"Hapana," nikaviambia viatu vyangu.

"Unasema?"

"Hapana, Deka. Jana mlimkosesha matibabu kwa hivyo vifuniko."

"Gari la Nairobi linaondoka saa moja. Kuna lita mia nne zinangoja pale sokoni. Nikawaambie nini wenzangu, kwamba mtoto wa Habibo amekalia mlango?"

Kutoka ndani sauti ikaita: "Naa Ruweyda! Huyo ni Deka? Mwache aingie!"

"Hapana, Eedo!"

"Nitaonja kwa ncha ya ulimi!"

"Ncha ya ulimi mara kumi na moja!"

"Basi gari liende bila kuonjwa?"

"Liende!"

Nikasikia kitanda kikilia. Nilipogeuka, Eedo alikuwa ameshateremsha miguu, anavuta mpira wa dripu kando kama mtu anayesukuma pazia. "Maziwa ya wanawake kumi na mmoja," alikuwa akisema, "yamwagwe pipa moja bila mtu kuyajua. Wateja wa miaka kumi na tisa. Bora nitapike damu nimalize."

Nilimkimbilia, nikamshika mabega. Yalikuwa mepesi mno, kama ya msichana. Nilitaka kumtikisa na nilitaka kumkumbatia, na nikashindwa kufanya lolote kati ya hayo mawili.

"Kaa chini," nikasema. "Kaa. Nitaonja mimi."

Deka, aliyekuwa ameshaingia, akacheka. "Wewe? Wewe unayekunywa chai ya maziwa ya pakiti?"

"Alinifundisha nikiwa na miaka saba."

Hilo lilikuwa kweli. Nikiwa mdogo nilikuwa nikikaa kando yake sokoni, na kila kifuniko alichomaliza alinipa nilambe, kisha ananiuliza nimesikia nini. Nikikosea ananipa tena. Nilipokwenda chuo niliacha, na sikuwa na hakika kama ulimi unakumbuka.

Eedo alinikazia macho kwa muda. Akarudisha miguu kitandani.

"Anza," akasema. "Usiniangalie mimi. Angalia ukuta."

Kila kifuniko kilikuwa kimefungwa uzi wa rangi chini yake, rangi ya mwenye mtungi, na sheria ni kwamba anayeonja haangalii uzi. Deka alinipa cha kwanza. Kizuri: moshi, kisha utamu mwembamba, kisha chumvi kidogo mwishoni.

"Umesikia nini?"

"Kizima."

"Chumvi?"

"Ipo."

"Kingine."

Cha pili kizima. Cha tatu kizima, moshi umezidi kidogo, nikamwambia, akaguna kuonyesha kwamba anamjua mwenyewe. Wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wamesimama mlangoni wakitutazama. Cha nne. Cha tano. Cha sita. Uso ulikuwa unaniwaka kwa aibu, lakini nilikuwa nimeanza kusikia, na nikasahau kidogo kwamba kuna watu.

Cha saba kilikuwa na kitu. Hakikuwa kichachu bado. Palikuwa na ukimya mahali ambapo moshi ulitakiwa kuwepo, na nyuma ya ukimya huo kitu chembamba kinachouma pembeni mwa ulimi. Nilimeza. Nikaomba kifuniko hichohicho tena, nikamalizia.

"Mbona umenyamaza?" Eedo aliuliza.

"Labda ni mimi tu."

"Sikukuuliza wewe ukoje. Nimeuliza maziwa yakoje."

"Hayajaharibika. Ila..."

"Ruweyda! Gari saa moja. Sema!"

"Chombo hakikufukizwa," nikasema kwa sauti. "Yameanza kugeuka. Yakikaa kwenye joto hadi Nairobi yatafika yamechacha, na yatachachisha mengine."

"Geuza kifuniko. Uzi gani?"

Nikageuza. "Kijani."

Nilimtazama Deka, na Deka alikuwa anatazama sakafu.

"Kijani ni changu," alisema. "Jana sikufukiza, Habibo. Tangu Jumatatu nalala sokoni kulinda mitungi yako, asubuhi niko hapa, mchana niko hapa. Nikaosha kwa maji moto tu. Nilidhani haitajulikana." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wallahi hata sijui nilidhani nini."

Moyo uliniuma nikatamani ningenyamaza. Nikafungua mdomo kusema kwamba pengine nimekosea. Eedo aliinua kidole kunikataza.

"Yako yasisafiri," alimwambia Deka, kwa sauti ya chini na ya upole kuliko niliyoitarajia. "Yagandishe, yauze hapa kama suusa, watu wanapenda mtindi wa asubuhi. Na leo nenda nyumbani ulale. Usije hapa. Huyu yuko." Kisha akanigeukia. "Nawe unangoja nini? Bado vinne."

Vinne vilivyobaki vilikuwa vizima. Saa moja kasoro robo Deka aliondoka mbio na kikapu, na Eedo akanyoosha mkono wake wenye dripu juu ya shuka kama mtu aliyemaliza kazi ya siku.

"Haya," alisema. "Nileteeni hiyo kamera yenu."

Saa mbili kamili alikuwa amelala ubavu wa kushoto, plastiki yenye tundu la kupitisha kamera mdomoni, miwani ya kukinga macho usoni kwa sababu gundi ikirukia jicho ni balaa. Sote tulivaa miwani. Nilimpulizia dawa ya ganzi kooni, nikamdunga ya usingizi mwepesi. Nilikuwa nimemwomba daktari mtu mwingine ashike sindano ya gundi, kwa kuwa mgonjwa ni wangu. Alisema waliofunzwa ni wawili tu na mwenzangu yuko likizo ya uzazi.

"Sikiliza," aliniambia kabla hajaingiza kamera. "Gundi hii ni nyepesi kama maji, na ikikutana na damu inakuwa jiwe. Ikiisha, isukume kwa maji; ukichelewa sekunde chache sindano itanasa ndani ya mshipa. Jicho langu litakuwa kwenye skrini. Sitaona kichwa kinachotikiswa. Nataka sauti."

Nilitikisa kichwa. Akangoja.

"Ndiyo, daktari."

Kamera ikashuka. Tukaona makovu meupe ya pete za zamani kwenye umio, mazuri, yamekauka. Tukaingia tumboni. Lilikuwa safi kabisa, halina tone la maziwa. Daktari aliikunja kamera itazame juu, na mshipa ukajitokeza: wa buluu, mnene kama kidole gumba, na kileleni pake kidonge cheusi cha damu kimekaa kama kifungo kilicholegea. Alikigusa pembeni kwa ncha butu, mshipa ukabonyea kama nyanya iliyoiva.

"Tayari?"

"Tayari!"

"Sindano iko ndani. Gundi."

Nikasukuma. "Gundi inaingia. Nusu. Imekwisha."

"Maji."

"Maji yanaingia. Yamekwisha."

"Natoa."

Sindano ilipotoka, kidonge kikachomoka, na uzi mwekundu ukaruka kwenye skrini. Sijui kwa nini damu kwenye skrini ni nyekundu kuliko damu ya kweli. Nusu ya picha ikafunikwa. Mashine ya moyo ikaanza kulia haraka.

"Ya pili," daktari alisema bila kugeuka. "Ruweyda."

Ilikuwa mkononi mwangu tayari. "Ipo!"

"Niko ndani. Gundi."

"Inaingia! Nusu! Imekwisha! Maji yanaingia!" Sikungoja aombe. Nadhani nilisikika hadi maabara.

Akatoa. Uzi mwekundu ukawa mwembamba, ukawa matone, ukakatika. Akasafisha kwa maji, tukasubiri, akasafisha tena. Kisha akachukua ile ncha butu akaugonga mshipa. Haukubonyea. Akaugonga upande wa pili. Ulikuwa mgumu kama kokwa la tende.

"Umeziba," alisema, na ndipo nikaona jasho lililokuwa likimtiririka chini ya miwani.

Saa sita kasoro daktari alikuwa ameshapakia mizigo yake. Aliniachia maagizo: aendelee na dawa, asinyanyue mitungi, arudi baada ya wiki nne tuone kama kuna mshipa mwingine unaoinuka. Ini halijapona, alinikumbusha, tumeziba tundu tu. Nilijua. Adeer Ahmednoor alikuwa bado barabarani na alikuwa ameshanitumia ujumbe mwingine wa sauti, dakika sita, ambao sikuufungua.

Eedo aliamka khutba ya Ijumaa ikisikika kwa mbali. Sauti yake ilikuwa imekwaruzika.

"Kwisha?"

"Kwisha, alhamdulillahi. Umezibwa. Utarudi baada ya wiki nne."

"Wiki nne." Akahesabu kwa vidole juu ya shuka. "Haifai. Wakati huo ngamia watakuwa wanazaa upande wa Modogashe. Maziwa yatakuwa mengi. Tuseme wiki ya sita. Au ya saba, inshallah."

Nilimtazama. Alikuwa ametundikiwa dripu mbili, midomo imekauka, hazijatimia saa tano tangu mshipa umwage damu mbele ya macho yangu, na alikuwa akipanga wiki ya saba.

"Wiki ya nne," nikasema. "Nitakuja sokoni mwenyewe nikubebe mgongoni mbele ya wateja wako wote."

"Mgongo gani? Huo wa kuku?"

"Huuhuu."

Akacheka. Hakutakiwa kucheka, koo lake lilikuwa bichi, na kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikali kilichomkunja tumbo. Nilinyakua beseni chini ya kitanda nikalishikilia chini ya kidevu chake. Alikohoa. Nikahesabu. Alikohoa tena, akatema.

Mate. Meupe, matupu, yenye povu kidogo.

Niliendelea kulishikilia beseni, nikiyaangalia, hadi aliposukuma mkono wangu.

"Niondolee hilo beseni usoni," alisema Eedo Habibo. "Na ulie huko nje, unaniloweshea shuka."